Kutoka Insha hadi Tasnifu: Ukuaji wa Mwanafunzi wa Kiswahili katika Uandishi wa Kitaaluma na Utafiti

Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na idara ya Kiswahili katika chuo kikuu nchini Kenya huwa tayari ameandika insha nyingi. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, na miongoni mwa maswali yaliyozoeleka ni lile la kutunga kisa kinachodhihirisha maana ya methali. Ili kufaulu katika karatasi hiyo, mwanafunzi hujifunza kuteua msamiati, kutumia nahau na tashbihi, na kumteka msomaji tangu aya ya kwanza. Huo ni ujuzi wenye thamani, na haufai kubezwa.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo anapofika mwaka wa nne, au anapoanza shahada ya uzamili na kutakiwa kuandika pendekezo la utafiti, aghalabu kalamu humwia nzito. Wengine hukamilisha kozi zote za darasani, wakabaki na tasnifu isiyokwisha mwaka baada ya mwaka. Si kwamba lugha imewatoka. Wanatakiwa kufanya kazi ya aina nyingine kabisa, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza tofauti iliyopo kati ya kazi hiyo na ile waliyoizoea.

Makala hii inanuia kuibainisha tofauti hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba ukuaji wa mwanafunzi katika uandishi wa kitaaluma haupimwi kwa ugumu wa msamiati wala kwa idadi ya kurasa. Hupimwa kwa namna uhusiano wake na ushahidi unavyobadilika. Insha humshawishi msomaji kwa uzuri wa lugha. Tasnifu humwonyesha msomaji njia aliyoipitia mtafiti, ili naye aweze kuifuata na kuhakiki kama kweli inafika pale inapodaiwa kufika. Badiliko hili hujitokeza katika hatua kadhaa ambazo zinajadiliwa hapa chini kwa mifano ya lugha na fasihi ya Kiswahili.

Kutoka mada hadi swali

Mapendekezo mengi ya utafiti huanza na maneno mapana: "Ngeli za Kiswahili", "Taswira ya mwanamke katika riwaya fulani", au "Athari za Sheng kwa Kiswahili Sanifu". Hizi ni mada. Mada hutaja eneo, ilhali swali hutaja kitu kisichojulikana katika eneo hilo. Mwanafunzi aliye na mada tu hana budi kuandika kila anachokijua, na anapomaliza huwa amerudia yale yaliyomo katika vitabu alivyosomeshwa.

Mada ya ngeli inatoa mfano mzuri. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba nomino za viumbe hai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, hupatana na vitenzi kwa namna ya A-WA: kijana anasoma, kipofu anatembea, kiboko amelala. Kuieleza kanuni hii upya kwa kurasa 50 si utafiti. Lakini mwanafunzi makini atatambua kwamba vimilikishi haviifuati kanuni hiyo kikamilifu. Husemwa "rafiki yangu amefika", ambapo kimilikishi kinachukua umbo moja na kitenzi umbo jingine. Katika wingi husemwa "rafiki zangu wamefika". Na pale umbo "marafiki" linapotumiwa, wapo wanaoandika "marafiki wangu" na wapo wanaoandika "marafiki zangu". Hata katika kirai kimoja, kama vile "marafiki zangu wengi", kimilikishi na kivumishi cha idadi havipatani na nomino kwa namna moja.

Hapo ndipo swali linapozaliwa: katika makala za gazeti la Taifa Leo za kipindi cha miezi sita, nomino "marafiki" hufuatwa na kimilikishi kipi, na ni mazingira gani ya kisarufi yanayoandamana na kila umbo? Swali hili lina sifa tatu zinazolitenga na mada. Kwanza, data yake inapatikana, na mtu mwingine anaweza kuirudia hesabu hiyo. Pili, jibu lake halijulikani kabla ya kazi kufanywa. Tatu, kila jibu lina maana. Likitawala umbo "zangu", itaonekana kwamba nomino za uhusiano wa watu zinashikilia upatanisho wake wa awali hata baada ya kupewa kiambishi ma-. Likitawala "wangu", kutakuwa na dalili kwamba upatanisho wa viumbe hai unaenea hadi kwenye vimilikishi. Yakichanganyika, mtafiti atalazimika kuchunguza iwapo tofauti hiyo inatokana na mwandishi, aina ya makala au muundo wa sentensi.

Katika fasihi hali ni iyo hiyo. Mada ya "taswira ya mwanamke" katika Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 1996, imekwisha kuandikiwa mengi. Lakini riwaya hiyo inasimuliwa na mhusika mwenyewe, Kongowea Mswahili, katika nafsi ya kwanza. Kwa hiyo kila anachokijua msomaji kuhusu Zainabu Makame, mamake Kongowea, kinapitia kinywani mwa mwanawe. Je, ni mambo gani ambayo msimulizi aliyashuhudia mwenyewe, yapi alisimuliwa, na yapi anayakisia? Swali la namna hii humrudisha mwanafunzi kwenye matini, sentensi kwa sentensi, badala ya kumwacha akitoa hukumu za jumla kuhusu wanawake na jamii.

Kutoka kunukuu hadi kujadiliana

Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi. Mtafiti asiyesoma kazi za wengine hawezi kujua amekosea, kwa kuwa hana wa kumjibu. Ndiyo maana kila tasnifu huwa na mapitio ya maandishi. Tatizo ni kwamba sehemu hii mara nyingi hugeuzwa kuwa orodha: fulani anasema hivi, fulani anasema vile, fulani naye anasema hivi. Wataalamu hupangwa foleni kama watu wanaosubiri matatu, kila mmoja akimpa mwenzake kisogo.

Mjadala wa ushairi wa Kiswahili unadhihirisha hasara ya uandishi wa namna hii. Ni kawaida kukuta kazi ya mwanafunzi ikidai kwamba Kaluta Amri Abedi aliwapinga watunzi wa mashairi huru kama vile Euphrase Kezilahabi. Dai hilo haliwezi kuwa sahihi. Kitabu cha Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichapishwa mwaka wa 1954, na mwandishi wake alifariki mwaka wa 1964. Kichomi, diwani ya Kezilahabi, ilitoka mwaka wa 1974. Abedi alikuwa akiwafundisha watunzi wa wakati wake kanuni za utungo unaoimbika, wenye vina na mizani. Waliozitumia kanuni hizo kama silaha dhidi ya mashairi huru ni watu wa baadaye. Vivyo hivyo, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipochapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka wa 1979, walikuwa wakizungumza katika uwanja ambao tayari ulikuwa na mgogoro, na fasili yao ya ushairi inapaswa kusomwa katika muktadha huo.

Mwanafunzi anayeweka miaka hii bega kwa bega hupata mengi. Hutambua kwamba wataalamu hawa hawakuwa wakijibu swali moja, na kwamba neno "shairi" halikuwa na maana moja kwao wote. Hapo mapitio yake huanza kujadili na kuacha kuorodhesha. Huuliza: huyu alikuwa na ushahidi gani? Yule aliacha nini? Pengo liko wapi?

Ukuaji huu huonekana hata katika vitenzi. Mwandishi mchanga hutumia "anasema" kwa kila mtaalamu. Aliyekomaa hutofautisha anayedai na anayethibitisha, anayependekeza na anayekiri, anayekisia na anayehitimisha. Kuandika kwamba mtaalamu "amethibitisha" jambo ambalo yeye mwenyewe alilikisia tu ni kumsingizia, hata kama jina lake na mwaka vimewekwa katika mabano ipasavyo.

Suala la wizi wa kitaaluma linahusiana na jambo hili. Mara nyingi hufundishwa kama kosa la kinidhamu lenye adhabu. Hilo ni kweli, lakini lina upande mwingine. Mwanafunzi anayenakili aya ya mtu bila kumtaja humnyima msomaji njia ya kurudi kwenye chanzo. Leo hatari hiyo imepata sura mpya kwa kuwa programu za akili unde zinaweza kutunga marejeleo yenye jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji, ilhali kitabu chenyewe hakikuwahi kuandikwa. Kinga ni ya kale: mwanafunzi asitaje kazi ambayo hajaifungua na kuisoma mwenyewe.

Kukijua chanzo

Kusoma chanzo ni jambo moja, kujua chanzo hicho kimetoka wapi ni jambo jingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hunukuliwa sana katika insha za wanafunzi, kana kwamba mshairi huyo aliyapeleka mwenyewe kwa mchapishaji. Muyaka aliishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mashairi yake yalidumu vinywani mwa watu wa Mombasa. Baadaye katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, msomi wa mji huo, aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Miswada ya Taylor ilifika London, ambako imehifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Mwaka wa 1940 W. Hichens alichapisha diwani ya mashairi hayo, na mwaka wa 1979 Mohamed H. Abdulaziz alichapisha uchunguzi wake mpana kuhusu mshairi huyo.

Kati ya ulimi wa Muyaka na ukurasa anaousoma mwanafunzi leo kuna mikono mingi. Isitoshe, miswada mingi ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Aliyeyahamisha maandishi hayo hadi hati za Kirumi alilazimika kuamua mara kwa mara iwapo alama fulani isomwe kama "i" au "e", kama "u" au "o". Uamuzi huo unaweza kubadilisha neno zima. Kwa hiyo mwanafunzi anayejenga hoja juu ya neno moja la Muyaka hana budi kutaja toleo alilotumia, na ikiwezekana kulilinganisha na jingine. Hiyo si mbwembwe ya kitaaluma. Hoja yake huenda inasimama juu ya herufi iliyochaguliwa na mhariri.

Nadharia kama chombo

Sura ya nadharia ndiyo inayowatisha wengi, na ndiyo inayoandikwa kwa mazoea zaidi. Mwanafunzi huchagua Ufeministi, Umuundo au Uhalisia, hutaja waasisi, huorodhesha mihimili, kisha huendelea na uchambuzi bila kuirejelea tena. Nadharia hubaki kama kanzu ya kuazima, iliyovaliwa kwa ajili ya sherehe na kurudishwa jioni.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila mwanafunzi anaweza kulifanya. Aitoe sura ya nadharia katika rasimu yake, kisha asome uchambuzi uliobaki. Ikiwa hakuna sentensi iliyoyumba, nadharia hiyo haikufanya kazi yoyote. Nadharia inayofanya kazi humwonyesha mtafiti jambo ambalo asingeliona bila hiyo, na humwambia ni ushahidi gani ungemlazimu akubali kwamba amekosea. Katika mfano wa "marafiki zangu", mtazamo unaochukulia lugha kuwa mfumo wa kanuni thabiti utamfanya mtafiti aone kosa. Mtazamo wa isimujamii, unaochukulia tofauti za matumizi kuwa data, utamfanya aulize ni nani anayetumia umbo gani, na wapi. Data ni ile ile, lakini maswali ni tofauti. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hilo ameelewa kwa nini anahitaji nadharia.

Uwandani

Utafiti unapohusu watu, ukuaji hudai ujuzi mwingine: kusikiliza. Hojaji nyingi za wanafunzi huwa na maswali yanayobeba majibu yake. "Je, unakubali kwamba Sheng inaharibu Kiswahili?" ni swali linalomweleza mhojiwa anachotakiwa kusema. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtafiti asipojihadhari atarudi na sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa kwa vinywa vya wengine. Vilevile, watu wanavyosema kwamba wanazungumza huweza kutofautiana na wanavyozungumza hasa. Mhojiwa anaweza kudai kwamba hatumii Sheng kamwe, na dakika tano baadaye akapokea simu na kuitumia. Hilo halimfanyi mwongo. Linamfundisha mtafiti kwamba mtazamo na matumizi ni data za aina mbili.

Kuna pia taratibu za kisheria na za kiutu. Kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013, utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda taarifa za watu binafsi. Lakini karatasi yenye muhuri haitoshi kumfungulia mtafiti mlango wa mzee wa Siyu au Vanga. Mgeni huanza kwa maamkizi, hueleza ametoka wapi na anatafuta nini, huomba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na hukubali kukataliwa. Mzee naye ana haki ya kujua maneno yake yatakwenda wapi.

Uzito wa jambo hili hauishii kwenye adabu. Lahaja kama Kisiu, Kivumba na Kichifundi zina wasemaji wachache zikilinganishwa na Kiswahili Sanifu, na baadhi ya msamiati wake wa bahari, ufundi na malezi umo vichwani mwa wazee. Mwanafunzi akirekodi ovyo, asiandike mahali, tarehe wala umri wa msemaji, au akisawazisha matamshi ili yafanane na Kiswahili Sanifu, kosa hilo huenda lisipate wa kulirekebisha. Kitabu kilichonukuliwa vibaya kinaweza kufunguliwa tena. Mzee aliyefariki hawezi kuhojiwa mara ya pili.

Kuandika upya

Imani moja inayowakwamisha wanafunzi ni kwamba mwandishi mzuri huandika mara moja. Insha ya mtihani huandikwa kwa kikao kimoja, na mazoea hayo huwafuata hadi chuoni. Tasnifu haiandikwi hivyo. Rasimu ya kwanza humsaidia mwandishi kugundua anachofikiri, na zinazofuata humsaidia msomaji kukielewa. Ndiyo maana waandishi wengi wazoefu huanza na uchambuzi wa data na kuukamilisha utangulizi mwishoni, wakati wanapojua hasa wanachokitanguliza.

Maoni ya msimamizi nayo yahitaji kusomwa kwa jicho hilo. Mwanafunzi anayepata rasimu yake imejaa wino mwekundu huweza kudhani kwamba amedharauliwa. Lakini maneno mafupi ya pambizoni, kama vile "Ushahidi?", "Nani amesema?" na "Una maana gani?", ni maswali ambayo msomaji yeyote angeyauliza kama angekuwapo. Siku mwanafunzi anapoanza kujiuliza mwenyewe maswali hayo kabla ya kuiwasilisha kazi, atakuwa amepiga hatua kubwa. Wasimamizi pia wana wajibu: rasimu inayokaa miezi bila kusomwa humfundisha mwanafunzi kwamba kazi yake haina msomaji.

Vyama vya wanafunzi vina nafasi ya pekee hapa. Kongamano la CHAWAKAMA, au kikao cha chama cha chuo kinachokutanisha wanafunzi watano na rasimu tano, humpa mwandishi wasomaji wasiomtoza alama. Rafiki anayesema "hapa sikuelewa" amemsaidia kuliko anayesifu mtindo.

Hitimisho

Makala hii imejadili ukuaji wa mwanafunzi kutoka mada hadi swali, kutoka kunukuu hadi kujadiliana, na kutoka kuvaa nadharia hadi kuitumia. Imeeleza pia umuhimu wa kukijua chanzo, kumsikiliza mhojiwa na kuandika upya. Katika hatua zote hizi mwanafunzi hujifunza jambo moja: kumpa msomaji uwezo wa kumhakiki.

Mambo haya yanakihusu Kiswahili chenyewe. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka wa 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Matamko hayo yameipa lugha hadhi. Maarifa yatakayoitwa ya Kiswahili, hata hivyo, yatatoka katika tasnifu zinazoandikwa sasa, nyingi zikiandikwa na wanafunzi ambao hawajafikisha umri wa miaka thelathini. Tasnifu hizo zikirudia yaliyosemwa, rafu za maktaba zitajaa na lugha haitajulikana zaidi ya inavyojulikana leo. Zikiuliza maswali yenye majibu yanayoweza kuhakikiwa, mtafiti wa kizazi kijacho atapata pa kuanzia, na atakapotaka kujua ni nani aliyesema "marafiki zangu", lini na wapi, ataukuta ushahidi umeandikwa.